Programu ya bure ya kuandikia riwaya: anza na faili

"Mwalimu, programu gani ya bure itanifaa kuandikia riwaya?" Swali hili naulizwa karibu kila wiki, kwa kuwa kazi yangu ni kuhariri miswada ya Kiswahili na kukaa kitako na waandishi wachanga mpaka hadithi zao zisimame imara. Nami kabla ya kutaja jina lolote huuliza: kazi yako itahifadhiwa katika faili la aina gani, na nani mwingine anaweza kulifungua?

Nauliza hivyo kwa sababu yalinikuta. Niliwahi kuandika sura kumi na moja katika programu ya mtandaoni iliyokuwa ya bure. Wenye nayo wakaanza kutoza kila mwezi, na kupakua kitabu kizima kwa mara moja kukawa kwa wanaolipa tu. Siku tatu nilikaa nakopi na kupesti, ukurasa kwa ukurasa. Maelezo yangu ya wahusika sikuyaokoa yote.

Kiswahili kinatusaidia hapa, maana kina maneno mawili tofauti: bure na huria. Bure ni bei, na bei hubadilika. Huria ni haki ya kuitumia programu, kuusoma msimbo wake, yaani maagizo yaliyoiunda, kuurekebisha na kuugawa. Freeplane, Manuskript, novelWriter na LibreOffice, programu nitakazozieleza hapa chini, zote ni huria. yWriter, programu ya kuandikia riwaya ya Simon Haynes, mwandishi wa riwaya wa Australia ambaye pia ni mtengeneza programu, ni ya bure lakini si huria. Obsidian, programu ya kuandikia madokezo, nayo ni ya bure, si huria, ila nampa yeyote anayeipenda baraka zangu, kwa sababu kila unachoandika humo hukaa kwenye kompyuta yako kama maandishi ya kawaida ya Markdown, yaani maandishi matupu yenye alama chache za kuonyesha vichwa na mikazo. Hata ikifungwa kesho, kazi yako unayo.

Mwaka jana alinijia binti mwenye riwaya nzima ndani ya WhatsApp. Kila wazo lilipomjia alijitumia ujumbe mwenyewe: jina la mhusika, kipande cha mazungumzo, ndoto ya bibi. Sikumpa programu ya kuandikia kwanza. Tulifungua Freeplane, tukaandika jina la kijiji katikati, tukaanza kuchora ramani ya mawazo. Kitufe cha Tab kinachipusha tawi, Enter inaongeza tawi la pembeni yake. Baada ya saa moja ukoo wote ulikuwa kwenye skrini, na yeye mwenyewe akanyoosha kidole: "Mwalimu, huyu mjomba hana tawi hata moja." Mjomba alitajwa katika jumbe nyingi kuliko mtu yeyote, lakini hakuwa amefanya lolote. Hapo ndipo riwaya yake ilipoanza.

Kwa kuandika nilimwelekeza novelWriter. Sura inaanza kwa alama ## na tukio kwa ###. Chini ya kichwa cha tukio unaweka maelekezo kama @pov: Mwanaisha (tukio linaonwa kwa macho ya nani) au @char: Mjomba (mhusika aliyemo), na programu inakuonyesha kila mahali Mjomba alipopita. Kila kipande kinahifadhiwa peke yake kama maandishi matupu. Ukilifungua folda utaona majina ya mafaili ni herufi na tarakimu zisizoeleweka. Usishtuke, kuna faili liitwalo ToC.txt linalokuambia kila moja ni la sura gani. Manuskript inamfaa zaidi anayetaka kuongozwa, maana inaanza na sentensi moja ya muhtasari, kisha aya, kisha ukurasa. Ukiitumia, ingia kwenye mipangilio uhakikishe alama ya kuhifadhi vyote katika faili moja imeondolewa, nayo itakuandikia mafaili ya kawaida.

Wanaoandika kwa simu, nao ni wengi, nawapa Markor ya Android: ni huria, nyepesi, na inaandika maandishi matupu ambayo kompyuta yoyote itayasoma.

LibreOffice, programu ya ofisi ya kuandikia nyaraka, naitetea kuliko zote, ingawa vijana huiona ya kizee. Ukizipa sura zako mtindo wa kichwa halafu ukabonyeza F5, orodha ya sura inajitokeza. Unaishika Sura ya Saba, unaiburuta juu ya Sura ya Nne, na kurasa zake zote zinahama nayo. Faili lake la ODT ni kiwango cha kimataifa cha ISO, shirika la viwango la dunia, tangu 2006. Tena LibreOffice ilizaliwa na OpenOffice, na Kiswahili si kigeni kwenye ukoo huu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Leo LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Kitenzi chenye viambishi vingi huenda bado kikapigiwa mstari mwekundu, lakini si kila neno la ukurasa.

Kabla hujaamua, fanya hivi leo. Andika kurasa mbili katika programu uliyoipenda, uifunge, kisha ulitafute faili lenyewe na ulifungue kwa programu nyingine. Linakili kwenye fleshi, ulipeleke kwenye kompyuta ya rafiki isiyo na programu hiyo. Likifunguka na maneno yako yote yamo, anza sura ya kwanza.