Mtoto Amegundulika na Saratani ya Damu: Maswali ya Wazazi na Majibu

Haya ndiyo maswali ambayo wazazi huulizana daktari akishatoka chumbani. Majibu yanalenga zaidi lukemia ya limfoblasti, aina ya saratani ya damu inayowapata watoto wengi zaidi. Mwanao akiwa na aina nyingine, ratiba ya dawa itatofautiana, lakini mambo ya nyumbani hubaki karibu yale yale.

Saratani ya damu ni ugonjwa gani hasa?

Damu hutengenezwa kwenye uboho, ile sehemu laini iliyo ndani ya mifupa. Mtoto akipata lukemia, chembe nyeupe changa huanza kuzaana ovyo bila kukomaa, zikaujaza uboho hadi chembe nyingine zikakosa nafasi. Ndiyo maana dalili zake huonekana kama hazina uhusiano. Mtoto anapauka na kuchoka kwa sababu chembe nyekundu zimepungua. Anatokwa na damu puani au ana alama za michubuko ambazo hakuna anayejua alizipata wapi, kwa sababu chembe za kugandisha damu ni chache. Homa nazo hazimwachi, kwa kuwa chembe nyeupe alizonazo, hata zikiwa nyingi, haziwezi kupambana na vijidudu. Mifupa inauma kwa sababu uboho umejaa kupita kiasi.

Katika kila watoto wanne wenye lukemia, takriban watatu wana hii ya limfoblasti, na huonekana zaidi katika umri wa miaka 2 hadi 5.

Tulimkosea wapi mtoto wetu?

Hakuna mlipomkosea. Ugonjwa huanza pale vinasaba vya chembe moja vinapobadilika, kisha chembe hiyo ikaendelea kuzaana. Hautokani na chakula alichokula, wala kuanguka, wala kupigwa na baridi. Hauambukizi, kwa hiyo laleni naye, kuleni naye, mkumbatieni. Sababu chache zinajulikana: watoto wenye hali ya Down (waliozaliwa na kromosomu moja ya ziada) huupata zaidi, na mionzi mikali huongeza hatari. Watoto walio wengi hawana lolote kati ya hayo. Kuurithi ni nadra sana, kwa hiyo yale mabishano ya "umetoka ukoo wa nani" hayana msingi. Ningeshauri yakomeshwe siku ile ile yanapoanza, maana nimeona yakichosha nyumba kuliko ugonjwa wenyewe.

Kuna na lile jingine: "tulichelewa." Mwanzoni dalili hufanana na homa za kawaida za utotoni, hata wahudumu wa afya huzipita. Kama jambo hili linawakaa moyoni, mwulizeni daktari mkiwa pamoja, baba na mama, ili jibu mlisikie wote kwa wakati mmoja.

Atapona?

Hili ndilo swali ambalo ndugu hulijibu haraka kwa "atapona tu" na wengine hulijibu kwa kunyamaza. Ukweli ni huu. Palipo na dawa na vipimo kamili, zaidi ya watoto 95 katika kila 100 wenye lukemia ya limfoblasti hufika mwisho wa mwezi wa kwanza ugonjwa ukiwa umetulia, yaani chembe za saratani hazionekani tena kwa darubini. Katika nchi tajiri, takriban 90 katika 100 huwa hai miaka mitano baadaye. Kabla ya 1948, mwaka ambao daktari Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba dawa iitwayo aminopterini imetuliza ugonjwa huu kwa muda kwa baadhi ya watoto, karibu wote walikuwa wakifariki ndani ya miezi.

Lakini si kila mahali pana matokeo hayo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba, kwa saratani za watoto kwa ujumla, katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona hawafiki 30 katika 100. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kufikisha angalau 60 katika 100 ifikapo 2030, na lukemia ya limfoblasti ni mojawapo ya saratani sita zilizowekwa mbele. Sababu za pengo hilo ni kuchelewa kugundua, uhaba wa dawa, na familia kuacha matibabu katikati. Hiyo ya tatu ndiyo ambayo familia ina sauti kubwa ndani yake.

Vipimo vimerudi vizuri. Kwa nini bado aendelee na dawa miaka miwili?

Kwa sababu ugonjwa umetulia, haujapona. Chembe zilizojificha hazionekani kwa darubini, na zikiachwa hurudi zikiwa sugu zaidi. Mwezi wa kwanza hutumika kuufyeka ugonjwa. Miezi inayofuata hutolewa dawa kali zaidi, pamoja na zile zinazowekwa kwenye maji ya uti wa mgongo, kwa kuwa dawa nyingi za mshipani hazifiki vizuri kwenye ubongo. Kisha inakuja awamu ndefu ya vidonge vya nyumbani, hasa merkaptopurini kila siku na methotrekseti mara moja kwa wiki. Kwa jumla ni miaka miwili hadi mitatu.

Awamu hii ya nyumbani ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu mtoto anacheza, nywele zimeota, majirani wamesahau, na kidonge kinaonekana kama mazoea tu. Utafiti umeonyesha kwamba watoto wanaomeza chini ya asilimia 95 ya vidonge vyao vya merkaptopurini wako katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kurudi. Asilimia tano ya mwezi ni siku moja na nusu. Kwa hiyo kazi hii iwe na mwenyewe, mtu mmoja anayejulikana, na mwingine wa kushika zamu asipokuwepo. Saa iwe ile ile, na kila dozi iwekewe alama kwenye kalenda. Akitapika au akisahau, pigeni simu kuuliza. Msimpe dozi mbili kwa mkupuo. Methotrekseti ya wiki ikimezwa kila siku ni hatari kubwa, hivyo siku yake iandikwe kwa herufi kubwa juu ya pakiti. Mjamzito asishike vidonge hivi, wala nepi na matapishi ya mtoto, na wengine wavae glavu.

Kama kinachowakwamisha ni nauli, malazi au gharama, semeni mapema kwa nesi au afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Wazazi wengi hunyamaza kwa aibu, wakakosa kliniki moja, kisha wakaogopa kurudi kwa kuhofia kukaripiwa. Rudini tu. Karipio huisha.

Tumwambie mtoto au tumfiche?

Mwambieni. Anajua tayari kwamba kuna jambo: anawaona mkinong'ona, anachomwa sindano, mama ana macho mekundu. Akikosa maelezo atajitungia yake, na ya mtoto huwa ya kutisha kuliko ukweli.

Maneno yafuate umri. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hofu yake kubwa ni kuachwa, kwa hiyo kinachomtuliza ni kukuona, na kuambiwa "naenda msalani, narudi" kisha kweli ukarudi. Kuanzia miaka mitatu hadi sita, wengi hudhani wanaadhibiwa kwa utundu wao. Mwambie waziwazi: "Hukufanya kosa lolote. Hili si adhabu." Huyu unaweza kumwambia kwamba ndani ya mifupa kuna shamba la damu, limeota magugu, na dawa inayang'oa, bahati mbaya inang'oa na mimea mizuri kidogo, ndiyo maana nywele zinadondoka, lakini zitaota tena. Wa miaka saba hadi kumi na mbili anataka kujua kitu kinafanyaje kazi. Mpe majina ya dawa, mwache asome namba za damu yake. Kijana anahitaji zaidi: muda wa kuzungumza na daktari bila mzazi, majibu kuhusu mwili wake na uwezo wa kupata watoto baadaye, na haki ya kukasirika.

Msiseme "haitauma" kwa kitu kinachouma. Semeni "itauma kidogo, nitakushika mkono," halafu ombeni dawa ya ganzi au ya usingizi kabla ya kipimo cha uti wa mgongo. Akiuliza "nitakufa?", usikimbie wala usimzibe mdomo. Mwulize kwanza amesikia nini na anaogopa nini, kisha mjibu hapo hapo alipo: kuna watoto wanaokufa kwa ugonjwa huu, madaktari wanatumia dawa zenye nguvu ili apone, na hatakuwa peke yake hata siku moja.

Ana homa usiku. Tusubiri asubuhi?

Hapana. Nyuzi 38 au zaidi wakati wa matibabu ni dharura, hata kama mtoto anacheka. Chembe zake za kinga zikiwa chini, maambukizi yanaweza kumzidi ndani ya saa chache, na anahitaji dawa za kuua bakteria za mshipani upesi. Msianze kwa parasetamoli, maana itaficha homa. Aspirini na ibuprofeni msimpe kabisa bila ruhusa, kwani huchochea kutokwa na damu. Joto lisipimwe kwa njia ya haja kubwa. Kipimajoto kinunuliwe leo. Na akikaa karibu na mwenye surua au tetekuwanga, pigeni simu siku hiyo hiyo hata kama hana upele.

Tangu aanze dawa amekuwa mkali, analia, anakula usiku kucha. Tumemdekeza?

Ni dawa za steroidi, yaani prednisoloni au deksamethasoni. Huleta njaa, uso wa kuvimba, kukosa usingizi na hasira. Hali hupoa dozi ikipunguzwa, lakini kamwe msiziache ghafla wenyewe. Mwekeeni chakula kidogo kidogo na mpunguze chumvi. Sheria za nyumbani zibaki: kupiga wenzake bado hakuruhusiwi. Mtoto ambaye ghafla hakatazwi lolote huanza kuhisi kwamba yuko karibu kufa.

Na ndugu zake?

Hawa ndio wanaosahaulika. Wanaachwa kwa shangazi, wanasikia habari nusu nusu, wanaona zawadi zote zikienda kwa mgonjwa. Wengine huona wivu kisha wakajichukia kwa wivu huo. Wengine hukojoa kitandani au kushuka darasani. Waambieni ukweli ule ule, na kwamba hawakuusababisha hata kama waliwahi kumwambia "ufe" wakigombana. Wapelekeni hospitali wakaone, kama wadi inaruhusu. Ikitokea mgonjwa anahitaji kupandikizwa uboho wa mtu mwingine, ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu; asiyelingana aambiwe kwamba hajamwangusha mtu.

Vipi dawa za asili na maombi?

Ombeni. Kuhusu mitishamba, mwambieni daktari kila kitu anachopewa mtoto, kwani baadhi huumiza ini au kuvuruga kazi ya dawa. Sisemi hivi kwa kudharau mimea: vinkristini, moja ya dawa kuu za ugonjwa huu, ilipatikana kwenye ua la asili ya Madagaska. Tofauti ni kwamba kipimo chake kinajulikana kwa miligramu.

Mimi sijalia hata mara moja, mwenzangu analia kila siku. Nani yuko sawa?

Wote. Mmoja hutafuta kazi za kufanya, mwingine hutafuta wa kuzungumza naye, na kila mmoja humwona mwenzake kama hajali. Badilishaneni zamu za kulala hospitali, ili kila mmoja ayaone anayoyaona mwenzake. Ndugu wakiuliza wasaidieje, wapeni kazi yenye jina: kupika siku fulani, kupeleka watoto shule, kupokea simu za wanaotaka habari. Usingizi ukikataa kwa wiki kadhaa, au ukianza kutamani usiamke, mwambie daktari. Hilo nalo linatibika.

Matibabu yakiisha, ndiyo basi?

Wazazi wengi hushangaa kwamba hofu inaongezeka siku vidonge vinapokoma, kwa kuwa walivizoea kama ngao. Kliniki huendelea, mwanzoni mara kwa mara kisha kwa nafasi kubwa zaidi, kwani ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi katika miaka ya mwanzo. Chanjo zake zitapangwa upya. Baadhi ya dawa huweza kuacha athari kwenye moyo, mifupa au uwezo wa kujifunza, kwa hiyo mwalimu ajulishwe mtoto akianza kuhangaika na hesabu au kusoma. Ombeni hospitali iwaandikie muhtasari wa dawa zote alizopewa na jumla ya dozi, mhifadhi nakala mbili. Daktari atakayempima moyo akiwa na miaka 30 atauhitaji.