Picha za karibu za wadudu na maua: tunavyodanganyana na ukweli wenyewe

"Bila kamera ya mamilioni huwezi." Hii naisikia kila siku na inaniuma, maana inawakatisha watu tamaa bure. Ukiwa na kamera yoyote ya kubadilisha lenzi, hata ya mtumba, zipo pete za kuweka kati ya bodi (mwili wa kamera) na lenzi, ndani hazina kioo chochote, kazi yake ni kuisogeza lenzi mbele tu. Lenzi ya mm 50 ukiiwekea pete za jumla ya mm 50 basi mdudu wa mm 10 anaingia kwenye sensa (kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha) akiwa na mm 10 zake kamili, hapo unahesabu mpaka manyoya ya nyuki.

Wa simu nao wanaambiwa watumie ile lenzi ndogo iliyoandikwa makro, yaani ya picha za karibu sana. Kwenye simu za bei ya chini ile huwa ya megapikseli 2 tu, jaribu lenzi kuu, rudi nyuma kidogo halafu kata picha baadaye, utaona tofauti.

"Funga tundu la lenzi mpaka f/22 ili kila kitu kitoke shapu." Namba ya f ikiwa kubwa tundu linakuwa dogo, na hapa ndo wengi tunapotea, na mimi nimepiga hivyo muda mrefu nikidhani lenzi ni mbovu. Ukishasogea karibu kiasi hicho f/22 inafanya kazi kama f/45 hivi, mwanga unapita kwenye katundu kadogo mno unatawanyika na picha nzima inalegea. Sasa ukibaki kwenye f/8 sehemu inayoonekana vizuri ni kama milimita moja tu, yaani jicho la vunjajungu linatoka safi na mguu wake wa mbele tayari umefifia! Kwa hiyo chagua jicho kwanza, halafu zungusha kamera iwe sambamba na ubavu wa mdudu ili mwili wake wote uangukie kwenye ile milimita yako. Fokasi ya otomatiki hapo inahangaika tu, izime, yumba mwili wako taratibu mbele na nyuma huku unapiga mfululizo, kwenye picha 20 utapata 2 nzuri na hizo zinatosha kabisa.

"Jua la saa sita ndo mwanga mzuri." Hapana jamani. Petali nyekundu ya hibiskasi inaungua inakuwa doa, na mgongo wa mende unang'aa kama kioo. Siku ya mawingu ni bora, au zuia jua kwa kitambaa cheupe chepesi, na flashi pia ivalishe kipande cha dumu jeupe la maziwa, mwanga unakuwa laini.

Kuna hii nyingine siipendi kabisa, eti mweke mdudu kwenye friji apoe atulie. Unamtesa na anaweza kufa, na picha yenyewe inaonyesha wazi, miguu imejikunja hovyo haishiki jani. Mdudu hana joto lake mwenyewe kama sisi, anategemea jua, sasa amka saa 12 na nusu asubuhi uende kwenye majani marefu karibu na maji, utamkuta kerengende ameganda kwenye bua na umande umemjaa mabawani, hakimbii mpaka apate jua. Upepo ukianza chomeka kijiti pembeni ya ua ubane bua kwa kibanio cha nguo, ukimaliza kumbuka kukitoa.