Bibi Amevuka Miaka Mia: "Ni Uzee Tu" Si Jibu

Katika kazi yangu ya kutibu wazee hapa Moshi, huletewa bibi au babu ambaye familia inasema amevuka miaka 100. Cheti cha kuzaliwa mara nyingi hakuna, kwa hiyo tunautafuta umri kwa matukio: ikiwa mwenge ulipowashwa kileleni Kibo, Desemba 1961, mzao wake wa kwanza alikuwa tayari ameshaolewa, hesabu inaelekea kukubali.

Watafiti wa Boston, Marekani, waliochunguza historia za afya za watu wa umri huo, waliona kwamba baadhi yao waliugua mapema wakaishi na maradhi yao, wengine waliugua baada ya miaka 80, na wengine walifika 100 bila kukutwa na lolote kati ya maradhi makubwa ya uzeeni. Kundi hili la mwisho lilikuwa na takribani wanaume 32 katika kila 100, na wanawake 15 tu katika kila 100, ingawa wanaofika umri huo wengi ni wanawake. Kwa hiyo bibi wa miaka 100 huenda amebeba ugonjwa kwa miongo kadhaa, na ugonjwa huo unastahili matibabu kama wa mtu mwingine yeyote.

Ndiyo maana neno "ni uzee tu" hunisikitisha sana. Bibi mmoja kutoka Kibosho aliletwa na mjukuu wake kwa sababu alikuwa haitikii tena shikamoo, na nyumbani walishakubaliana kwamba akili imechoka. Masikio yote mawili yalikuwa yamezibwa na nta ngumu. Tulimpa dawa ya matone ya kuilainisha kwa siku kadhaa, kisha tukayasafisha kwa maji ya vuguvugu, naye akamgeukia mjukuu wake na kumuuliza mbona amekonda hivyo.

Mzee akianza kuchanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, mtafutieni sababu haraka: maambukizi, choo kigumu, dawa mpya, au upungufu wa maji, kwa kuwa kiu hupungua kadiri umri unavyosonga.

Jambo jingine ni miguu. Kwa upendo kabisa, familia humkalisha kutwa nzima mama aliyezoea kupanda na kushuka kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, na misuli isiyotumika huisha upesi sana katika umri huo. Mwacheni ainuke kitini mwenyewe, mmoja wenu akisimama karibu, na mtori wake uwe na nyama ya kutosha iliyopondwa vizuri, si ndizi peke yake.

Anayetumia dawa za presha apimwe akiwa amelala, kisha akiwa amesimama kwa dakika moja na tena baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, yuko katika hatari ya kuanguka. Msimwachishe dawa wenyewe, bali mleteni kliniki pamoja na dawa zake zote, hata zile za mitishamba.