8x42 maana yake nini? Kusoma namba za darubini

Darubini za macho mawili huandikwa namba mbili: 8x25, 8x42, 7x50. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza. Kwa 8, swala aliye mita 80 utamwona kama yuko mita 10. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita.

Wanunuzi wengi hukimbilia namba ya kwanza, na hapo ndipo pesa hupotea. Darubini inayokuza sana hukuza pia mtetemo wa mikono, na eneo unaloliona hubana. Ukizidi 10, tafuta pa kuegemea au stendi ya miguu mitatu.

Sasa gawa namba ya pili kwa ya kwanza. 42 kwa 8 ni 5.25. Hizo ni milimita za upana wa mwanga unaotoka kila upande kuelekea jichoni. Nyoosha mikono, elekeza darubini penye mwangaza (kamwe si kwenye jua), na utaviona viduara viwili vyeupe upande wa kutazamia. Mchana mboni ya jicho husinyaa hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo 8x25 inatosha, tena inaingia mfukoni. Gizani mboni ya kijana hufikia kama 7. Umri ukisogea, hupungua.

Ndiyo maana 7x50 imezoeleka baharini: usiku inalijaza jicho mwanga, na chombo kikiyumba picha haikimbii sana. Msituni, tuseme Arabuko-Sokoke kule Kilifi, kivuli ni kizito na ndege hawatulii tawini. Hapo mimi ningeshika 8x42 bila kusita. Kwenye uwazi wa Serengeti, au kwenye hori ya Mida, huko huko Kilifi, maji yakipwa na ndege wako mbali kwenye matope, 10x42 ina faida, ila ukiwa garini mwombe dereva azime injini. Kwa nyota, 10x50 iliyotulizwa vizuri itakuonyesha miezi minne mikubwa ya sayari ya Mshtarii (Jupita).

Mvaa miwani aangalie kipimo kingine: umbali kati ya jicho na lenzi ya kutazamia ambao bado unakuonyesha picha nzima. Usipungue milimita 15, na vikombe vya mpira viweze kushushwa. Vinginevyo utalipia picha pana na kuishia kuona katikati yake tu.