Paka Aliyeokolewa Anapoingia Nyumbani: Maswali na Majibu Kuhusu Afya

Katika mitaa mingi wapo watu wachache wanaojitolea kuokota paka waliotupwa, kuwatibu, kuwahasi na hatimaye kuwatafutia nyumba. Anayekuja kumchukua paka kwa kawaida huuliza kwanza kama paka huyo anakamata panya, kisha, kwa sauti ya chini kidogo, kama hatawaletea watoto ugonjwa. Hilo la pili ndilo linalojibiwa hapa, pamoja na mengine yanayolizunguka.

Swali: Je, ni salama kumleta nyumbani paka aliyetoka mtaani?

Jibu: Ni salama, ilimradi asichanganywe na wengine siku ya kwanza. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kwa mgeni huyu ni vema yeye apone kwanza. Mpe chumba chake, hata kama ni kidogo, akae humo kwa muda wa siku 10 hadi 14 akiwa na chombo chake cha maji, cha chakula na sanduku lake la choo, na katika siku hizo apelekwe kwa daktari wa mifugo apimwe, apewe dawa ya minyoo na kuanzishiwa chanjo. Muda huo haukuchaguliwa ovyo: magonjwa mengi ya paka hujificha mwilini kwa siku kadhaa kabla ya dalili kuonekana, hivyo paka anayeonekana mzima Jumatatu anaweza kuanza kutapika na kuharisha wiki inayofuata.

Ugonjwa unaotisha zaidi katika hatua hii ni panleukopenia, unaosababishwa na kirusi kinachoua watoto wa paka kwa siku chache tu. Haumpati binadamu. Hata hivyo kirusi chake kinaweza kudumu chumbani kwa miezi mingi, hadi mwaka, na sabuni ya kawaida haikiui. Kinachokiua ni dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, iliyochanganywa na maji na kuachwa sakafuni kwa dakika kama 10 baada ya uchafu kuondolewa. Kwa sababu hiyo, aliyefiwa na paka kwa ugonjwa huu asilete mwingine nyumba ile ile kabla mgeni huyo hajakamilisha chanjo zake.

Swali: Nitajuaje kama ana viroboto, maana simwoni hata mmoja?

Jibu: Kiroboto mwenyewe hukimbia, lakini kinyesi chake hubaki. Mchane paka kwa kitana chenye meno ya karibu, hasa kiunoni karibu na mkia, kisha kung'uta vumbi jeusi litakalotoka juu ya kitambaa cheupe kilicholowa maji. Vumbi la kawaida litabaki jeusi au kijivu; kinyesi cha kiroboto kitatawanya rangi nyekundu ya kutu, kwa kuwa ni damu iliyokwisha kumeng'enywa. Ukiiona rangi hiyo, usiridhike na kumtibu paka peke yake, kwa maana mayai ya viroboto huanguka na kukaa kwenye mazulia na matandiko. Fua, fagia na utibu wanyama wote wa nyumba kwa wakati mmoja. Viroboto pia ndio wanaosambaza baina ya paka bakteria wa Bartonella henselae, ambao humpata binadamu kwa mikwaruzo na kumsababishia homa na uvimbe wa tezi.

Swali: Nilisikia kwamba paka mwenye viroboto apakwe dawa ya mbwa. Na akiwa na homa, je, nimpe kidonge kidogo cha parasetamoli?

Jibu: Hapana, kwa yote mawili. Dawa nyingi za viroboto vya mbwa zina permethrini, ambayo ini la paka haliwezi kuivunja, na paka aliyepakwa huanza kutetemeka na kudegedega. Parasetamoli humuua hata kwa kiasi kinachoonekana kidogo mno: chembe za damu hushindwa kubeba hewa, ufizi hugeuka rangi ya kahawia na uso huvimba. Wapo waliompoteza paka wao kwa huruma tu. Paka mwenye joto la mwili linalozidi nyuzi 39.2 apelekwe kwa daktari badala ya kupekuliwa kabati la dawa za watu.

Swali: Kichaa cha mbwa si cha mbwa?

Jibu: Jina linapotosha. Paka aliyeumwa na mnyama mwenye ugonjwa huo huambukizwa, na yeye humwambukiza binadamu kwa kumwuma au kumkwaruza. Atakayeumwa aoshe jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni tundu dogo lisilotoa damu nyingi. Paka anayejulikana hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10, na akibaki mzima hadi mwisho wa siku hizo, hakuwa na uwezo wa kuambukiza siku alipouma. Lakini mtu aliyeumwa hangoji siku 10 ziishe ndipo aanze chanjo, kwa kuwa dalili zikishajitokeza ugonjwa huu karibu kila mara huishia katika kifo. Hata kichaa kikiondolewa katika hesabu, meno ya paka ni membamba na hupenya ndani sana, ngozi hujifunga juu ya bakteria, na mkono unaweza kuvimba ndani ya saa 24.

Swali: Mke wangu ni mjamzito, na shemeji anasema paka arudishwe alikotoka. Tufanye nini?

Jibu: Hofu ya shemeji ina msingi, ila suluhisho lake limepita kiasi. Kimelea kiitwacho Toxoplasma gondii huzaliana kwenye utumbo wa paka, na mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito anaweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Lakini paka kwa kawaida hutoa vijiyai vya kimelea hicho kwa wiki 1 hadi 3 tu baada ya maambukizi yake ya kwanza, na vijiyai hivyo huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo sanduku la choo likisafishwa kila siku, na likasafishwa na mtu mwingine, hatari hupungua sana. Akikosekana mtu huyo, mama avae glavu na kunawa mikono. Paka alishwe chakula kilichopikwa au cha dukani, asipewe nyama mbichi. Na nyumba nzima ikumbuke kwamba watu wengi hukipata kimelea hiki kwa nyama isiyoiva vizuri na mboga zenye udongo, mambo ambayo kumfukuza paka hakuyatibu.

Swali: Mtoto ametokewa na duara jekundu linalowasha mkononi. Je, ni paka?

Jibu: Huenda ni choa, ambacho ni kuvu wala si mnyoo, na watoto wa paka hukibeba sana, wakati mwingine bila dalili yoyote. Mtoto na paka watibiwe pamoja. Choa cha ngozi hupona kwa dawa ya kupaka. Kile cha kichwani huhitaji dawa ya kumeza.

Swali: Tumekuta watoto wa paka peke yao. Tuwachukue tuwape maziwa ya ng'ombe?

Jibu: Kwanza angalieni kwa mbali kwa saa chache, kwani mama yao huenda ametoka kutafuta chakula. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha, na kuharisha hukausha mwili mdogo upesi. Walio chini ya wiki 4 wanahitaji maziwa maalumu ya watoto wa paka, tena wakiwa wamelala kifudifudi, kamwe si chali kama mtoto mchanga, yasije yakaingia mapafuni.

Swali: Kwa nini kikundi cha hao wanaookoa paka kinakataa kunipa paka jike kabla hajafungwa kizazi?

Jibu: Kwa sababu anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi 4 tu, huzaa baada ya wiki 9 hivi, na hushika nyingine akiwa bado ananyonyesha. Operesheni hiyo humkinga pia dhidi ya usaha wa mfuko wa uzazi, na ikifanywa mapema hupunguza sana saratani ya matiti. Dume aliyehasiwa hupigana kidogo, naye hupungukiwa na majeraha yanayoeneza kirusi cha upungufu wa kinga cha paka, ambacho hakimpati binadamu. Paka shume waliokwisha kukua bila kuzoea watu hawafungiwi nyumbani: hukamatwa kwa mtego, huhasiwa, huchanjwa na kurudishwa walipotoka, na wakiwa bado na ganzi hukatwa ncha ya sikio moja. Ukimwona paka wa mtaani mwenye sikio lililokatika sawasawa kama kwa mkasi, fahamu kwamba amekwisha kupita kwa daktari, na hakuna haja ya kumkamata tena kwa operesheni hiyo.