Kwa nini asasi yenye milioni 60 benki hukosa hela ya Luku?

Ukizunguka ofisi za asasi za kiraia (AZAKI) katika wilaya za Tanzania, utakuta mlangoni nembo ya mfadhili mkubwa, na ndani kompyuta zimezimwa kwa sababu Luku, umeme wa kulipia kabla, imekwisha. Majirani hunong'ona: "Hela za wazungu zimeliwa." Pengine zimeliwa kweli, hayo hutokea. Lakini mara nyingi fedha ipo benki, ila hakuna mwenye ruhusa ya kuigusa kwa ajili ya umeme.

Chanzo ni bajeti iliyoambatanishwa na mkataba. Ruzuku nyingi hupewa mradi, si asasi. Kila shilingi ina kifungu chake: ukumbi wa mafunzo, nauli za washiriki, mafuta ya pikipiki, chai na vitafunwa. Ukichukua elfu hamsini ya chai ukanunulia umeme, mkaguzi ataiita gharama isiyokubalika, na asasi itatakiwa kuirudisha. Kuhamisha kiasi kikubwa kutoka kifungu hadi kifungu kunataka barua, na jibu laweza kufika mafunzo yameshakwisha.

Kodi ya pango, umeme, mlinzi na mhasibu anayehudumia miradi yote hutengewa asilimia ndogo. Umoja wa Ulaya, katika misaada yake ya nje, huweka ukomo wa asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja, yaani za shughuli zenyewe. Kwa Marekani, asasi isiyo na kiwango maalumu ilichokubaliana nayo ilipata asilimia 10 kwa miaka kadhaa, hadi Oktoba 2024 ilipopandishwa kuwa 15. Piga hesabu ya asilimia 7: shughuli za milioni 60 kwa mwaka huleta milioni 4.2, yaani 350,000 kwa mwezi. Vyumba viwili mjini vyaweza kuimeza yote.

Tena hiyo ni kama utaipata. Mfadhili mkubwa hana watu wa kusimamia mikataba midogo mia tano, hivyo fedha hupitia kwanza shirika la kimataifa, na mara nyingi ile asilimia huishia hukohuko juu. Asasi ya wilayani hushushiwa fedha ya shughuli tupu.

Mfadhili naye ana hoja. Fedha ni ya walipa kodi wake, na bunge lake litamuuliza ni kiasi gani kimemfikia mwananchi. Swali la haki kabisa. Ila uangalizi huohuo ndio unaozaa kazi za ofisi: risiti za EFD (mashine ya kodi), fomu za mahudhurio zenye sahihi, karatasi za saa za kazi, taarifa za robo mwaka, ukaguzi. Serikali nayo ina zake. Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 2002 inataka taarifa ya kila mwaka kwa Msajili, na kanuni za 2018 zikaongeza kwamba mikataba inayozidi shilingi milioni 20 iwasilishwe ndani ya siku 10. Wa kuandaa yote hayo ni mhasibu yuleyule ambaye kila mfadhili angependa alipwe na mwenzake.

Ndipo mshahara wa mtu mmoja unapokatwa vipande, asilimia 40 mradi huu, 35 ule, na 25 iliyobaki haina mwenyewe. Akiba haiwekeki, maana bakaa ya mradi kwa kawaida hurudishwa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, walioumia vibaya zaidi ni waliokuwa kwenye mikataba ya kutumia kwanza na kudai baadaye: kazi walishafanya, malipo hayajaja, na nyuma yao hakuna kitu.

Wapo wanaotoa ruzuku isiyo na vifungu. Bilionea MacKenzie Scott wa Marekani amekuwa akifanya hivyo, anaikabidhi asasi fedha na kuiachia ipange yenyewe. Lakini ni wachache, na hawafiki kila wilaya. Asasi nyingine hununua viti na turubai, wikiendi zikavikodisha harusini. Hela hiyo haina kifungu, basi ndiyo inayonunua Luku.