Draiva nyingi sio besi nyingi

Kuna meseji haiishi kwenye magrupu ya wasap hapa Mwanza, eti ukienda Makoroboi kununua spika za masikioni hesabu draiva, yenye moja besi hamna, zenye nne au sita ndo zinapiga. Jamani sio kweli, na inaniuma maana watu wanatoa hela yao kwa hilo.

Draiva ni kile kispika cha ndani. Ipo ya dainamiki, ina koili na kiwambo kinachosukuma hewa kama spika ya kawaida, na moja tu ikitengenezwa vizuri inashuka mpaka hezi 20 (hezi ni kipimo cha sauti, namba ndogo ndo sauti nzito), huko ndo mwisho wa chini wa sikio la binadamu. Aina nyingine ni za amecha, ni vidude vidogo sana, vilitumika kwenye vifaa vya wasiosikia vizuri kabla ya kuja kwenye spika hizi, zikiwa nyingi mara nyingi zinagawana kazi, hii besi hii sauti za juu, kwa hiyo sita sio besi mara sita. Wengine wanasema amecha haina besi kabisa, nayo sio kweli, inategemea ilivyopangwa.

Kinachoua besi sana ni upenyo sikioni, yani spika isipoziba vizuri tundu la sikio. Jaribu, wimbo uleule sauti ileile, isukume kidogo ndani kwa kidole, besi ikirudi tatizo ni vimpira, vile laini vya mbele vinavyoingia sikioni, badilisha saizi. Hapa ndo watu wanachanganyikiwa, ukinunua mpya na vimpira vinakuwa vingine, halafu sifa zote anapewa draiva. Kingine, kwenye daladala ya Buhongwa muungurumo wa injini unafunika besi hata ya spika nzuri.

Meseji hiyo ikikufikia usiisambaze, mwambie aliyekutumia aanze na vimpira.